Kumtibu Mgonjwa Anayetokwa na Damu Nyingi Baada ya Upasuaji wa Mawe ya Figo

Figo mbili za mtu mzima hupokea kwa pamoja takriban sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, yaani zaidi ya lita moja kila dakika hata akiwa amepumzika tu. Ndiyo maana tundu dogo kwenye ateri (mshipa unaoleta damu kutoka moyoni) iliyo ndani ya figo linaweza kuhatarisha maisha ya mtu mwenye nguvu zake kwa muda wa saa chache, na ndiyo maana pia upasuaji wa kutoa mawe, ambao siku hizi huacha kovu dogo ubavuni, haupaswi kuhesabiwa kuwa umekwisha siku mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani.

Upasuaji unaohusika zaidi na tatizo hili ni ule wa kutoboa ngozi ya mgongoni au ubavuni, kupitisha njia nyembamba hadi ndani ya figo, kulivunja jiwe na kulitoa kupitia njia hiyo. Madaktari wawili wa Sweden, Fernström na Johansson, waliueleza mwaka 1976, na hadi leo ndio unaochaguliwa kwanza kwa mawe yanayozidi sentimita 2. Njia hiyo huwa na upana wa milimita 8 hadi 10, ingawa vipo vifaa vyembamba zaidi, na kwa kuwa hupita katikati ya nyama ya figo iliyojaa mishipa, kila mgonjwa hutokwa na damu kiasi fulani. Kazi ya anayemhudumia ni kutambua ni lini kiasi hicho kimevuka mpaka, na damu inatoka kwenye mshipa wa aina gani, kwa sababu vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) na ateri hazitibiwi kwa namna moja.

Kutambua mshipa unaovuja

Damu ya vena huonekana mapema, mara nyingi mgonjwa akiwa bado mezani au katika saa 24 za kwanza. Huwa nyeusi kidogo, hutiririka bila kuruka, na kwa kuwa shinikizo lake ni dogo, huzuilika kwa kubanwa: mrija ulioachwa ubavuni kutoa mkojo wa figo ukifungwa, bonge la damu hujaa ndani ya figo na kuubana mshipa wenyewe hadi unaziba. Wagonjwa wengi wanaotokwa na damu siku ya kwanza wamo katika kundi hili, nao hupona bila kurudishwa chumba cha upasuaji.

Damu ya ateri ina tabia tofauti, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Ateri iliyokatwa kabisa hutoa damu nyekundu ng'avu, kwa kishindo, tangu mwanzo. Lakini ateri iliyochubuliwa tu ukutani huweza kunyamaza kwa siku nyingi ikiwa imezibwa na bonge dogo. Bonge hilo likiyeyuka, damu yenye shinikizo la ateri huanza kupenya na kujichimbia kifuko kando ya mshipa, kifuko ambacho hakina ukuta halisi wa ateri, na kifuko hicho siku moja hupasukia kwenye njia ya mkojo. Mara nyingine ateri hufungukia kwenye vena iliyo jirani, damu ikapita njia ya mkato bila kupitia mishipa midogo. Hali zote mbili hujitokeza zaidi kati ya mwisho wa wiki ya kwanza na mwisho wa wiki ya tatu baada ya upasuaji, mgonjwa akiwa amekwisha kurudi kwake.

Kinachopotosha ni kwamba damu hii huja na kuondoka. Kifuko kinapopasuka, mkojo hugeuka damu tupu. Presha ikishuka na mabonge yakijaa ndani ya figo, damu husimama yenyewe, na baada ya saa chache mkojo huwa mweupe kabisa. Mgonjwa hujiona amepona, na daktari asiye makini humpa vidonge na kumruhusu. Baada ya siku mbili au tatu hurudi akiwa katika hali mbaya kuliko ya kwanza. Kwa hiyo kanuni ya kushikwa ni hii: mgonjwa aliyetokwa na damu nyingi kwenye mkojo siku ya tano au zaidi baada ya kutobolewa figo ahesabiwe kuwa ana ateri inayovuja mpaka vipimo vithibitishe vinginevyo, hata kama wakati anapoonwa mkojo wake ni safi. Kusimama kwa damu kunampa daktari nafasi ya kupanga tiba kwa utulivu. Hakumpi ruhusa ya kumrudisha mgonjwa nyumbani.

Kuna damu nyingine isiyopita kwenye mkojo kabisa. Baada ya kuvunjwa mawe kwa mawimbi ya mshtuko kutoka nje ya mwili, na mara chache baada ya kuingizwa kamera kupitia njia ya mkojo, damu huweza kujikusanya chini ya utando unaoifunika figo au katika mafuta yanayoizunguka. Mgonjwa huwa na maumivu makali ya ubavu yasiyolingana na kazi iliyofanyika, presha hushuka, himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) hupungua, huku mkojo ukiwa na rangi ya waridi tu. Anayeangalia rangi ya mkojo peke yake atamkosa mgonjwa huyu. Na kama figo ilitobolewa kupitia juu ya ubavu wa 12, damu huweza kuingia kifuani. Dalili zake ni kupumua kwa shida na kupungua kwa oksijeni, na tiba yake huanza kwa picha ya kifua na mrija wa kuitoa damu hiyo.

Mgonjwa akiwa nyumbani

Mkojo wenye rangi ya waridi kwa siku kadhaa baada ya upasuaji si jambo la kutisha, na aliyewekewa stenti (mrija mwembamba wa ndani kutoka figo hadi kibofu) anaweza kuuona kila anapotembea sana hadi siku stenti itakapotolewa. Kipimo rahisi ni kukojoa kwenye chombo cha kioo au plastiki angavu na kukiweka mbele ya maandishi: maandishi yakisomeka kupitia mkojo, aongeze maji ya kunywa, apumzike na aendelee kujiangalia. Yasiposomeka kwa sababu ya wekundu, au yakiwapo mabonge, au akishindwa kukojoa ilhali kibofu kimejaa, au akihisi kizunguzungu anaposimama, moyo kwenda mbio, jasho baridi au uvimbe unaokua ubavuni, aende hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Ikiwezekana aende ile hospitali iliyo na daktari bingwa wa mfumo wa mkojo; lakini ikiwa amelegea, iliyo karibu zaidi ndiyo bora, kwani inaweza kumwekea dripu na damu kabla ya kumsafirisha.

Wakati wa kusubiri usafiri, alazwe chali na miguu iinuliwe. Kama damu inatoka kwenye kidonda cha ubavuni, mtu mwingine akandamize hapo kwa kitambaa safi na kiganja chote, bila kufunua kila mara kutazama. Asiendeshe gari mwenyewe. Asimeze aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni kwa ajili ya maumivu, kwa kuwa dawa hizi hudhoofisha chembe sahani zinazogandisha damu, na mbili za mwisho huielemea figo iliyo taabani. Kwa upande mwingine, anayemeza dawa za kuzuia kuganda kwa damu kwa sababu ya valvu bandia au stenti ya moyo asijiamulie kuziacha kwa siku nyingi. Aruke dozi inayofuata tu, kisha uamuzi uachiwe hospitali. Achukue cheti cha kuruhusiwa na dawa zote anazotumia. Karatasi hiyo, yenye tarehe ya upasuaji na upande wa figo, huokoa muda mwingi kuliko watu wanavyodhani.

Dakika za kwanza hospitalini

Mgonjwa ahesabiwe kuwa na hali ya dharura kabla ya kutafuta chanzo. Apewe oksijeni, awekewe kanula mbili nene, za namba 14 au 16, na damu ichukuliwe kwa ajili ya picha kamili ya damu, kundi na ulinganishaji, uwezo wa kuganda, kreatinini (kipimo cha utendaji wa figo) na chumvi za mwili. Benki ya damu iarifiwe mara moja, kwa simu na kwa maandishi, kwa kuwa ulinganishaji huchukua muda.

Himoglobini ya kwanza isimlaghai mtu. Mgonjwa anapopoteza damu, hupoteza chembe na majimaji kwa pamoja, hivyo uwiano hubaki uleule mpaka maji ya mwilini au ya dripu yaingie kwenye mishipa. Himoglobini ya gramu 11 kwa mtu aliyetoka kumwaga lita moja haimaanishi chochote. Irudiwe baada ya saa 4 hadi 6, au mapema zaidi hali ikibadilika. Mapigo ya moyo husema kweli mapema zaidi. Mtu mzima wa kilo 70 ana takriban lita 5 za damu. Akipoteza kati ya mililita 750 na 1,500, moyo huenda zaidi ya mara 100 kwa dakika huku presha ya juu (namba ya kwanza ya kipimo) ikiwa bado ya kawaida, na ni baada ya kupoteza zaidi ya asilimia 30 ndipo presha huporomoka. Kusubiri presha ishuke ndipo mtu ashtuke ni kuchelewa. Ipo tahadhari moja: anayetumia dawa za presha au moyo zinazopunguza kasi ya mapigo, kama atenololi au propranololi, huweza kuwa na mapigo 80 huku akiishiwa damu.

Dripu ya maji ya chumvi itolewe kwa vipimo vidogo vya mililita 250 hadi 500, kila baada ya kipimo mgonjwa akiangaliwa upya. Lita nyingi za maji huzimua vigandishi, huupoza mwili na kupandisha presha kiasi cha kuling'oa bonge lililokuwa limeziba tundu. Mpaka chanzo kidhibitiwe, presha ya juu ya 80 hadi 90 kwa mgonjwa mwenye akili timamu hutosha kwa muda mfupi, ingawa mzee, mwenye presha ya kupanda ya siku nyingi au mwenye ugonjwa wa moyo huhitaji zaidi ya hapo. Mgonjwa afunikwe blanketi, kwani damu ya mwili uliopoa haigandi vizuri.

Katika hatua hii ni lazima pia kujiuliza kama mshtuko huu unatokana na damu peke yake. Mawe mengi huwa na bakteria ndani yake, na kuyavunja huwaachia. Mgonjwa anayetetemeka kwa baridi, mwenye homa, mikono yenye joto na presha iliyoporomoka, huenda ana maambukizi yaliyoenea kwenye damu, na huyo anahitaji antibiotiki ya mshipani ndani ya saa moja, sampuli za damu na mkojo zikiwa zimechukuliwa kwanza. Hali mbili hizi zinaweza kumkuta mtu mmoja kwa wakati mmoja, na nionavyo mimi ni afadhali kutibu zote mbili kuliko kutumia saa nzima kubishana ni ipi.

Mrija wa figo

Kama mgonjwa bado ana mrija unaotoka ubavuni, mrija huo ndio chombo cha thamani kuliko vyote vilivyo wodini. Usitolewe. Usisukumwe maji kwa nguvu kujaribu kuusafisha, maana msukumo huo huondoa bonge linalosaidia. Damu nyingi ikitoka kupitia kwake, ufungwe kwa klempu, mgonjwa alale, na afuatiliwe kwa saa kadhaa. Figo hujaa, shinikizo la ndani hupanda na kuzidi lile la vena, na mara nyingi damu husimama.

Kufunga mrija kuna hatari mbili ambazo muuguzi wa zamu anapaswa kuzijua. Ya kwanza, damu haionekani tena kwenye mfuko, na mfuko mtupu huwatuliza watu isivyostahili. Kwa hiyo mapigo, presha na mzunguko wa tumbo vipimwe kila dakika 15 katika saa ya kwanza. Presha ikiendelea kushuka mrija ukiwa umefungwa, inayovuja ni ateri, au damu inamwagika nje ya figo, na mgonjwa anahitaji hatua inayofuata bila kuchelewa. Ya pili, kwa mwenye maambukizi, shinikizo hilo huwasukuma bakteria waingie kwenye damu. Huyo afungiwe mrija kwa uamuzi wa daktari wa upasuaji tu, antibiotiki ikiwa imekwisha kuanza.

Hutokea pia kwamba mrija unatolewa siku ya kawaida ya kuutoa, na damu inabubujika pale pale. Aliyeutoa aweke kiganja kwenye tundu na kukandamiza kwa nguvu, mwenzake aite msaada. Daktari mwenye uzoefu anaweza kurudisha mrija kupitia njia ileile ambayo bado iko wazi, au kupitisha katheta yenye puto maalumu refu, ambayo hujazwa ikaibana njia nzima kutoka ngozi hadi figo huku mkojo ukiendelea kupita katikati yake. Puto hiyo huachwa siku chache, kisha hupunguzwa hewa au maji katika chumba ambacho damu ikirudi inaweza kushughulikiwa.

Kibofu kilichojaa mabonge

Mgonjwa asiye na mrija wa figo mara nyingi hufika akilalamikia kibofu zaidi kuliko damu. Mabonge yameziba njia, tumbo la chini limevimba na ni gumu, na maumivu yake ni makali kiasi cha kuwasahaulisha watu kupima presha. Mpira wa mkojo wa kawaida hautafaa. Uwekwe ule mnene wa njia tatu, namba 22 au 24. Kabla ya kuunganisha maji yoyote, mabonge yatolewe kwa mkono: sirinji ya mililita 50 au 60 yenye mdomo mpana hujazwa maji ya chumvi safi, husukumwa ndani na kuvutwa, tena na tena, mgonjwa akigeuzwa upande mmoja kisha wa pili, mpaka mabonge yaishe na kinachovutwa kiwe na rangi ya waridi hafifu. Kazi hii huchosha na huchukua muda, na anayeifanya asiiache nusu.

Maji ya kusafisha yanayotiririka mfululizo huunganishwa baada ya hapo tu. Yakianza ilhali mabonge yamo, huingia bila kutoka, na kibofu kinaweza kupasuka. Yanayotumika ni maji ya chumvi yenye asilimia 0.9, kamwe si maji matupu, ambayo yakifyonzwa kwa wingi huvunja chembe nyekundu na kushusha sodiamu. Kiasi kinachoingia na kinachotoka kiandikwe kila saa, na mtiririko ukisimama maji yafungwe kwanza, kisha mpira uangaliwe.

Inafaa kukumbuka kwamba maji haya hayatibu figo inayovuja. Yanaweka njia ya mkojo wazi, basi. Nimeona wodi ambazo mgonjwa huoshwa kibofu siku tatu mfululizo huku akiongezewa damu kila jioni, na hakuna aliyeuliza damu yenyewe inatoka wapi.

Damu na dawa za kugandisha

Kwa mgonjwa aliyetulia, kuongeza damu huanza himoglobini inaposhuka chini ya gramu 7 kwa desilita, au 8 kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Kwa anayeendelea kutokwa na damu na mwenye dalili za mshtuko, namba hizi hazitumiki: aongezewe kwa hali yake. Chupa moja hupandisha himoglobini kwa takriban gramu 1. Ikishindwa kupanda, damu bado inatoka. Kundi lisipojulikana na muda usiporuhusu, itumike damu ya kundi O, ya O hasi kwa msichana na mwanamke aliye katika umri wa kuzaa. Mgonjwa anayehitaji chupa nyingi kwa muda mfupi apewe pia plazma na chembe sahani kwa uwiano unaokaribiana na wa chembe nyekundu, pamoja na kalsiamu ya mshipani, kwa kuwa sitreti, kemikali ya kuzuia kuganda iliyomo kwenye chupa za damu, huifunga kalsiamu ya mwili.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia kuganda kwa damu, apewe vitamini K miligramu 5 hadi 10 polepole mshipani, na kwa kuwa vitamini hiyo huchukua saa nyingi kufanya kazi, apewe pamoja na mkusanyiko wa vigandishi au, ukikosekana, plazma. Aspirini na klopidogreli huendelea kufanya kazi siku 7 hadi 10 baada ya kidonge cha mwisho. Aliyewekewa stenti ya moyo hivi karibuni asisimamishiwe dawa hizi bila daktari wa moyo kushauriwa.

Asidi ya traneksamiki huzuia bonge lisiyeyuke mapema, nayo imeonyesha faida ikitolewa wakati wa upasuaji huu. Kipimo kilichozoeleka kwa kutokwa na damu kwa dharura ni gramu 1 mshipani kwa dakika 10, ikifuatiwa na gramu 1 kwa saa 8. Lakini figo ndizo zinazoitoa mwilini, hivyo kipimo kipunguzwe kwa mwenye kreatinini ya juu, na aliye na historia ya damu kuganda mguuni au mapafuni asipewe bila tafakari. Tena, kwa damu inayotoka figoni, dawa hii huweza kufanya bonge gumu linaloziba mrija unaoshuka hadi kibofuni. Naiona kuwa msaidizi mzuri wa kununua muda kwa damu ya mapema. Kwa kifuko cha ateri kilichopasuka wiki ya pili, kuitegemea peke yake ni kujidanganya.

Kupiga picha na kuziba ateri kwa ndani

Altrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu inaweza kufanyika kando ya kitanda. Huonyesha damu iliyojikusanya kuizunguka figo na wakati mwingine kifuko chenyewe, ndani yake damu ikizunguka. CT-skani yenye dawa ya rangi katika hatua ya ateri huonyesha zaidi, pamoja na tawi linalovuja. Dawa ya rangi huweza kuidhuru figo dhaifu, lakini hilo halitoshi kuahirisha kipimo kwa mtu ambaye maisha yake yamo hatarini. Asiye imara asipelekwe kwenye CT-skani kabisa. Apelekwe moja kwa moja kwenye chumba cha kuziba mishipa.

Wanaostahili tiba hii ni wale ambao presha yao haitulii licha ya damu na mrija uliofungwa, wanaoendelea kuhitaji kuongezewa damu siku baada ya siku, waliotokwa na damu kwa mara ya pili au ya tatu, na kila aliyeonekana ana kifuko au njia ya mkato kati ya ateri na vena. Kungoja himoglobini ifike 5 ndipo mtaalamu wa radiolojia aitwe hakumsaidii mtu.

Kazi yenyewe hufanyika kwa ganzi ya sehemu, mgonjwa akiwa macho. Mtaalamu huingiza mrija mwembamba kupitia ateri ya kinena au ya kifundo cha mkono, huupeleka hadi ateri ya figo na kupiga picha; akiliona tundu, hupitisha mrija mwembamba zaidi ndani ya wa kwanza hadi karibu kabisa na tawi linalovuja, kisha huliziba kwa koili ndogo za metali, vipande vya sponji ya jelatini au gundi ya kitabibu. Ateri za figo hazisaidiani: kila tawi hulisha eneo lake pekee, na likizibwa eneo hilo hufa. Ndiyo sababu kila milimita ya kusogea mbele kabla ya kuziba huokoa nyama ya figo, na ndiyo sababu kazi hii haimfai mtu wa kujaribu. Ikifanywa vizuri husimamisha damu kwa wagonjwa zaidi ya 9 kati ya 10, na sehemu ya figo inayopotea huwa ndogo.

Picha ikionyesha mishipa mizima, isichukuliwe kuwa hakuna tatizo. Ateri iliyokaza au bonge la muda huweza kulificha tundu. Mgonjwa abaki wodini, na damu ikirudi apigwe picha tena. Waliovuja kutoka sehemu zaidi ya moja pia huweza kuhitaji kurudia, na kurudia si aibu ya yeyote.

Baada ya kuzibwa, aliyeingiziwa mrija kinenani alale mguu ukiwa umenyooka kwa saa 4 hadi 6, kinena kikaguliwe kama kimevimba, na mapigo ya unyayo yaguswe. Homa ndogo, kichefuchefu na maumivu ya ubavu kwa siku mbili tatu hutokana na kile kipande cha figo kilichokufa. Homa kali au inayozidi muda huo itafutiwe maambukizi.

Pasipokuwa na huduma hiyo

Vituo vingi havina chumba cha kuziba mishipa, na hapo uamuzi wa kumsafirisha mgonjwa ufanywe mapema, damu ikiwa imesimama au imepungua. Huo ndio wakati mzuri wa safari. Aende na muuguzi, kanula mbili, mrija uliofungwa, chupa za damu zilizolinganishwa na picha za awali za jiwe, na kituo kinachompokea kiwe kimepigiwa simu na kukubali. Anayeporomoka mbele ya daktari wa upasuaji asipakiwe kwenye gari kwa safari ndefu, afanyiwe upasuaji wa wazi hapohapo.

Upasuaji wa wazi ni njia ya mwisho, na aliyewahi kuusimamia anajua kuwa figo iliyozungukwa na damu na maambukizi haitoi nafasi ya ustadi mwingi. Daktari huibana kwanza ateri kuu ya figo, kisha hutafuta tundu na kulishona, au hukata sehemu iliyoharibika. Mara nyingi mno, kwa mgonjwa aliyefika akiwa amechelewa, hulazimika kuiondoa figo nzima. Kabla ya hapo ni lazima iwe imejulikana kwamba figo ya pili ipo na inafanya kazi. Jambo hili huonekana kwenye picha zilizopigwa kabla ya kutoa jiwe, na ridhaa ya mgonjwa au ndugu zake iliyotiwa saini itaje uwezekano huo waziwazi.

Siku zinazofuata

Mgonjwa aliyetulia abaki hospitalini angalau siku mbili tatu mkojo ukiwa safi, himoglobini ikiwa haishuki, na akiwa ameanza kutembea, kwa kuwa damu inayorudi hupenda kurudi siku ya kuamka kitandani. Apewe dawa ya kulainisha choo, maana kujikamua hupandisha shinikizo, na kwa wiki 4 asinyanyue vitu vizito wala kufanya mazoezi ya nguvu. Presha idhibitiwe. Dawa za kuzuia kuganda kwa damu zirudishwe kwa tarehe iliyoandikwa, baada ya daktari wa figo na wa moyo kukubaliana. Kumwambia mgonjwa aanze akijisikia vizuri si maelekezo.

Altrasaundi ya mwendo wa damu ifanyike kabla ya kuruhusiwa na tena baada ya wiki chache, na kreatinini pamoja na presha vipimwe baada ya miezi 3, kwa sababu kipande cha figo kilichokosa damu huweza kuipandisha presha. Kama ana stenti, tarehe ya kuitoa iandikwe kwenye cheti, kwani stenti iliyosahauliwa hujengewa mawe mapya juu yake. Cheti hichohicho kieleze ni tawi gani la ateri lililozibwa, kwa kitu gani, na kama vipande vya jiwe vilibaki ndani ya figo. Vikiwapo, viachwe kwanza hadi figo ipone, isipokuwa vinaziba mkojo au vina maambukizi, na vitakapotolewa ichaguliwe njia isiyoitoboa tena figo ileile kama ukubwa wa vipande unaruhusu.